Jumamosi Ng'ambo ya Ring Road: Wanetu wa Vyuoni na Kazi ya Kujitolea Kisumu

Simu iliingia usiku wa Alhamisi, baada ya sala ya Isha, saa ambayo mzazi aliyeko Pwani huitarajia sauti ya mtoto aliye mbali.

"Asalaam aleikum, mama. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu."

Tukaulizana hali, kisha binti yangu, aliyekuwa wakati huo mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Kisumu, akaniarifu kwamba Jumamosi yeye na wenziwe wangetoka Milimani, wavuke barabara, waende Nyalenda kusaidia. Nikamwuliza: kumsaidia nani, na kwa kitu gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bado hatujajua, mama. Tutajua tukifika."

Jawabu hilo liliniondolea usingizi. Furaha niliipata, kwa kuwa hakuna mzazi asiyefurahi kusikia mwanawe ana huruma. Hofu nayo niliipata, kwa kuwa kijana aendaye kwenye nyumba ya mtu mwenye dhiki bila kujua anakwenda kufanya nini anaweza kurudi ameongeza dhiki. Makala haya nayaandika kwa ajili ya kina mama wenzangu ambao wameipokea, au wataipokea, simu kama ile. Tuwajibu nini wana wetu?

Mji usio mgeni kwetu

Kwanza tuujue mji wenyewe. Kisumu iko mbali na sisi, lakini si ugenini kabisa. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa Desemba 1901, na kituo hicho kikaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Pamoja na reli walikwenda mafundi, makarani na wachuuzi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wa asili mbalimbali. Mtaa wa Kaloleni hadi leo una familia nyingi za Kiislamu, na katikati ya mji upo Msikiti wa Jamia. Mwaka 2001 Kisumu ilitangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,155,574 katika kaunti nzima.

Vyuo navyo vimejaa kandokando ya ziwa. Kuna Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na mstari wa ikweta, na kampasi zake za mjini. Kuna Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kisumu, na chuo cha mafunzo ya uuguzi na utabibu. Watoto kutoka Mombasa, Lamu, Kwale na Malindi hupangiwa huko kila mwaka, nao hufika wakiwa hawana shangazi wala mjomba wa kuwapokea.

Milimani ni mtaa wa nyumba zenye bustani na miti mirefu ya kivuli, ulioteremka kuelekea ziwani. Zamani wakuu wa serikali ya kikoloni walikaa huko, na hata sasa ni makazi ya wenye nafasi. Ukishuka zaidi upande wa kusini utafika Dunga, penye wavuvi na mafunjo. Lakini ukiivuka tu barabara iitwayo Ring Road, umekwisha ingia Nyalenda: nyumba za udongo na mabati zilizobanana, maji ya kununua kwa mtungi, vyoo vya shimo vinavyofurika masika yakizidi. Kati ya hali hizi mbili hapana zaidi ya upana wa lami. Ndiyo maana kijana mwenye moyo akipanga chumba upande huu hawezi kukaa miaka minne asiuone upande ule.

Kinachohitajika, na kinachodhaniwa kuhitajika

Jumamosi ile walikwenda na nguo kuukuu na katoni mbili za biskuti. Aliniambia baadaye kwamba biskuti zilikwisha kabla hawajaingia uchochoro wa pili, watoto walisukumana, mmoja akaanguka mtaroni akalia, na mama mmoja mtu mzima akawauliza kwa upole: "Wanangu, nani aliwatuma?"

Swali la mama yule ndilo mwanzo wa elimu yote ya kujitolea. Mtaa wa kimaskini si uwanja mtupu. Una wazee wa nyumba kumi, una chifu, una vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Katika Nyalenda wapo hata wenyeji waliopewa dhamana na kampuni ya maji ya mji ya kununua maji kwa jumla na kuyasambaza vichochoroni, mpango uliosifiwa na kuigwa kwingineko. Wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa na kuwatambua rasmi mnamo Septemba 2023, wapatao laki moja nchi nzima. Mhamasishaji hupangiwa kaya zake azitembelee. Anajua nyumba ipi ina mjamzito, ipi ina mzee asiyeinuka kitandani, na ipi ina mtoto aliyeacha shule. Kijana wa chuo akianza kwa kumfuata huyo na kumwuliza, "Unahitaji mikono wapi?", atakuwa amejiokoa na makosa ya mwaka mzima.

Kundi la binti yangu lilijifunza hivyo kwa aibu kidogo. Hawakurudi tena na biskuti. Walirudi na daftari na kalamu, wakauliza. Waliyoambiwa hayakuwa yale waliyoyadhani.

Kitabu mkononi mwa mtoto

La kwanza waliloombwa ni kusoma na watoto. Si kuwajengea darasa, wala kuwanunulia sare, bali kukaa nao chini na kitabu.

Wenyeji walijua walichokuwa wakikisema. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa Uwezo uliwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao, na waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na karatasi za kupimia walikuwa ni watu wa kujitolea. Ripoti zake za Kenya za miaka ya 2010 zilionyesha kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu tu walioweza kazi ya darasa la pili. Yaani mtoto anaweza kuhudhuria shule kila siku, akavaa sare safi, na herufi zisikae kichwani.

Dawa yake imejulikana. Shirika la Pratham, lililoanza Mumbai katika miaka ya 1990, liliwafundisha vijana wa mitaani njia nyepesi: mpime kila mtoto peke yake, aonyeshe kama anaweza herufi, neno, aya au hadithi, kisha wapange watoto kwa kiwango chao wala si kwa umri wao. Anayejua herufi tu akae na wenziwe wa herufi, hata kama mmoja ni wa miaka saba na mwingine wa kumi na mmoja. Saa moja kwa siku ya kusoma kwa namna hiyo huzaa matunda. Kenya nayo ilijaribu jambo la jinsi hii mwaka 2014, pale mpango wa serikali ulioitwa G-United ulipowapeleka wahitimu wa vyuo vikuu katika kaunti zisizo zao, wakakaa na familia za wenyeji na kuwasaidia watoto wa shule za msingi kusoma. Faida ilikuwa mbili: mtoto alipata msomeshaji, na kijana alijua kwamba wale aliowasikia wakitajwa kwa ubaya nyakati za uchaguzi ni watu kama watu wa kwao.

Kazi hii haina gharama kubwa, lakini ina sharti moja gumu, nalo ni kudumu. Mtoto akizoea kwamba dada huja kila Jumamosi saa nne, kisha dada asionekane wiki tatu, hapotezi masomo tu. Hujifunza kwamba ahadi ya mtu mzima ni maneno. Kwa hiyo mzazi, kabla hujamsifu mwanao, mwulize: Je, utakwenda wiki ya mitihani? Ukifunga chuo, nani atashika nafasi yako? Kundi likiwa na watu kumi na wawili wanaopokezana, wanne kila Jumamosi, kazi itasimama. Likiwa na watu wawili wenye jazba, litavunjika kabla ya muhula kwisha.

Yatima na kamera

Hapa nagusa jambo linalotuuma. Kwa mazoea yetu, kijana Mwislamu akitaka kufanya kheri, la kwanza linalomjia ni kuwatembelea mayatima. Dini yetu imemtukuza anayemlea yatima, na haifai kamwe mtu kulidharau tendo hilo. Lakini tulitazame vizuri jinsi linavyofanywa siku hizi. Basi hukodishwa. Vijana hamsini hushuka kwenye nyumba ya kulelea watoto na mchele, mafuta na keki. Watoto hupangwa mstari. Picha hupigwa, huenda mtandaoni jioni ileile. Wiki ijayo huja basi jingine.

Jiulize, wewe mama: ungependa mwanao akumbatiwe na wageni hamsini asiowajua, kila mmoja amwambie "nakupenda", kisha wote waondoke wasirudi? Na ungependa uso wake, pamoja na habari ya msiba wake, uonekane kwa kila mwenye simu? Tumeonywa juu ya sadaka inayofuatwa na masimango. Picha ya mtoto mwenye dhiki iliyowekwa hadharani bila ridhaa ni simango lisilokoma, maana litamkuta akiwa mtu mzima.

Tena, wengi wa watoto wanaokaa katika nyumba hizo, Kenya na kwingineko, wana mzazi mmoja au jamaa aliye hai. Kilichowapeleka huko mara nyingi ni umaskini. Kwa kulitambua hilo, serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo mwezi Novemba 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia. Mwaka huohuo Sheria ya Watoto mpya ilianza kufanya kazi, na ndani yake imetambuliwa kafala, yaani malezi ya mtoto asiye na walezi kwa utaratibu wa Kiislamu. Hili ni jambo letu, na familia zetu nyingi bado hazina habari nalo.

Basi vijana wafanye nini? Wamsaidie mlezi. Kule ziwani, ambako ukimwi uliwachukua wazazi wengi, mabibi ndio waliobaki na wajukuu. Dani, kama Wajaluo wamwitavyo bibi, mwenye wajukuu wanne hahitaji basi la wageni. Anahitaji mtu wa kumsindikiza kituo cha afya, wa kumjazia fomu ya basari ya kaunti, wa kumfuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana bila cheti hicho mtoto atakwama shuleni. Binti yangu na mwenziwe mmoja walimaliza muhula mzima wakifuatilia vyeti vya watoto watatu wa nyumba moja. Hapana picha hata moja iliyopigwa. Nilipokwenda kumtembelea, nilimwona dani huyo akimshika mkono kama amshikavyo mjukuu wake, akimwambia "Oyawore", naye akiitikia kwa lafudhi ya Kimvita iliyotuchekesha sote.

Ufukweni

Ziwa nalo lina wito wake. Victoria ni ziwa la kilomita za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu; lakini Ghuba ya Winam, ambako Kisumu imekaa, hupokea takataka na maji machafu ya mji pamoja na gugu maji lililovamia ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko ilivyoonekana kwa miongo mingi, yakaingia majumbani na vibandani mwa watu wa ufukweni. Baada ya msiba kama huo, na baada ya mafuriko ya Nyando yanayorudi kila mara, vijana wa vyuo huonekana pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu wakigawa mablanketi, wakizoa plastiki, wakizibua mitaro.

Ni kazi njema, ila tusiwaache wana wetu waiingie kwa ujinga wa watu wa bahari. Maji ya ziwa si maji ya chumvi. Konokono wa maji baridi hubeba kichocho, na aina iliyoenea huko hukaa kwenye matumbo na ini, tena huweza kukaa miaka bila mtu kuitambua. Anayeingia majini peku kuzoa takataka anaweza kutoka na ugonjwa. Viatu vya mpira na glavu si anasa. Akiwa amegusa maji hayo mara kwa mara, aende akapimwe. Dawa yake ipo na ni rahisi. Viboko nao hutoka majini jioni kula majani, na si wanyama wa kuchezewa. Malaria ya ziwani ni kali kuliko ya miji yetu, kwa hiyo chandarua ni cha kila usiku.

Damu

Nimeliacha mwisho jambo ambalo lilinigusa zaidi.

Wasichana wetu wengi hawajui kwamba hospitali za nchi hii huwategemea sana wanafunzi kwa damu. Baada ya mlipuko wa Nairobi wa tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu zaidi ya 200 na kuwajeruhi maelfu, ilidhihirika kwamba nchi ilihitaji huduma ya kitaifa ya damu salama. Huduma hiyo ikaundwa, na kimoja cha vituo vyake vya kanda kikawekwa Kisumu. Tangu hapo sehemu kubwa ya damu imekuwa ikichangwa katika shule za sekondari na vyuo. Matokeo yake ni kwamba shule zikifungwa, chupa hupungua. Serikali ilipofunga shule zote Machi 2020 kwa ajili ya korona, upungufu ulionekana upesi.

Na ukanda wa ziwa ndio unaohitaji damu kwa wingi. Malaria humaliza damu ya watoto wadogo. Ugonjwa wa selimundu, unaorithiwa kutoka kwa wazazi wawili, umeenea huko. Kisha kuna mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Huyo anaweza kufariki ndani ya saa chache, na hakuna duka linaloweza kumwuzia kilichopungua mwilini mwake. Katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengine bado huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960, wagonjwa huletwa kutoka kaunti nyingi za magharibi.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi inahitaji walau uniti za damu zinazolingana na asilimia 1 ya watu wake. Kwa kaunti ya Kisumu peke yake, hiyo ni kama uniti 11,500 kwa mwaka. Damu haiwekwi akiba kama mchele: seli nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hudumu siku 35 hivi, na chembe sahani, zinazozuia damu kumwagika, hudumu siku tano tu. Ndiyo maana mchango mkubwa wa siku moja hautoshi. Panahitajika watu wanaorudi.

Anayetoa awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe mzima. Huchukuliwa mililita 450 hivi, kati ya lita tano alizo nazo mtu mzima. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Katika mwezi wa Ramadhani wachangiaji hupungua. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu kutoa damu hali mtu amefunga, wakiilinganisha na kupiga chuku, kwa hiyo lililo salama kwa saumu na kwa mwili ni kutoa usiku baada ya futari, pale kundi litakapokubaliana na wahudumu wa damu.

Binti yangu na wenziwe waliandaa siku ya kuchangia. Walibandika matangazo, wakazungumza na waoga, wakaandikisha majina. Siku ilipofika yeye ndiye aliyekaa wa kwanza kwenye kiti. Wakamtoboa kidole, wakapima, wakamwambia, "Dada, samahani, wewe hutaweza leo." Kiwango kinachotakiwa ni gramu 12.5 za himoglobini kwa desilita moja ya damu. Chake kilikuwa chini ya 11.

Alinipigia akilia kwa fedheha. Nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza miezi mingi kabla: "Mwanangu, unakula nini?" Chai na mandazi asubuhi. Chai tena saa kumi. Usiku chipsi, au mkate. Na chakula cha mchana? Akanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya kwanza. Kisha akasema kwamba pesa ya mchana alikuwa akiitia katika mchango wa kundi, shilingi mia mbili kila wiki, za kununulia unga wa nyumba mbili za Nyalenda.

Wasomaji wangu, sikujua nimkemee au nimbusu. Wahenga wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo anao. Lakini mwili wake nao una haki juu yake, na mimi mamake nina haki ya kujua. Nilimwambia: anayetoa chakula chake mpaka akaugua hupunguza msaidizi mmoja na kuongeza mgonjwa mmoja. Tukakubaliana mambo matatu. Mchango wake uwe wa muda na elimu, usiwe wa chakula chake. Pesa za unga zitafutwe kwa njia iliyo wazi, zikiandikwa daftarini na kushikwa na watu wawili. Naye ale: maini mara moja kwa wiki, kunde, mchicha na omena, dagaa wa ziwa hilo, pamoja na ndimu au chungwa, na chai aisogeze mbali na mlo, kwa sababu chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Daktari alimwongezea vidonge.

Siku ile hakuondoka. Alikaa mezani akiandika majina na kuwapa wenziwe soda na biskuti.

Ya kumwuliza mtoto

Kutokana na hayo nimejiwekea maswali, nami nawakabidhi. Nani mwenyeji wenu huko mwendako, na je, ameombwa au amevamiwa? Mnakwenda wangapi, na mtarudi kabla ya Magharibi? Wasichana wako pamoja, na nyumba mnazoingia mnaingia wawili wawili? Pesa zinaandikwa wapi? Mtoto anayepigwa picha, mlezi wake ameridhia? Kazi itaendelea mkifunga chuo? Na mwisho, lililo rahisi kusahauliwa: wewe mwenyewe umekula?

Haya si maswali ya kumkatisha mtoto tamaa. Ni kumwonyesha kwamba kheri ni kazi, na kazi ina adabu zake. Nasi tulioko Pwani tusidhani hayatuhusu. Ring Road ziko nyingi. Kati ya Nyali na Kisauni ipo moja, na kijana wa Kisumu anayesoma Mombasa huenda wiki hii anaivuka, naye hana mama karibu wa kumwuliza.

Miezi minne baadaye wahudumu wa damu walirudi chuoni. Binti yangu alitoboa kidole tena, na kipimo kikasoma 12.9. Akalala, akafumba macho, na baada ya dakika chache ikawa imekwisha. Alinipigia jioni hiyo, sauti imechoka kidogo.

"Imekwenda kwa nani?" nikamwuliza.

"Hawatuambii, mama," akasema. "Nimeshakula. Mchana na jioni."